Saa ya Bwana Saruji

Mwaka ule iligundulika kwamba wacheza gofu wanateseka.

Habari hiyo ililetwa na daktari mmoja wa kike, mwenye viatu vya raba na sauti ya upole, ambaye aliwakusanya wanachama wa klabu barazani kwao na kuwasomea mateso yao. Migongo yao inauma kwa kujipinda upande mmoja tu. Viwiko vyao vimevimba. Mabega yanalia kama bawaba za mlango. Na hayo ni ya mwili. Ya akili ndiyo ya kutisha zaidi. Yuko mwanachama, alisema daktari, aliyekosa kuingiza mpira uliokuwa hatua mbili tu kutoka shimoni, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Wanachama wote wakainamisha vichwa. Kila mmoja alidhani anasemwa yeye.

Dobi wa klabu alikuwa dirishani mwa chumba chake cha kufulia, mikono ndani ya povu, akisikiliza. Viwiko vyake vilikuwa vimevimba mwaka wa saba sasa, ila hakuwa amejua kwamba hilo ni jambo la kuitiwa mkutano.

Basi ukaanzishwa mpango: Siku Mia za Afya ya Mwili na Akili. Kila mwanachama alipewa saa nyeusi ya mkononi, yenye kuhesabu hatua, ngazi, mapigo ya moyo na hata usingizi. Habari zote zinaruka zenyewe hadi kwenye mashine ya daktari, na kila Jumatatu majina yanaandikwa ubaoni, mwenye bidii juu, mvivu chini. Saa haivuliwi, mchana wala usiku. Siku ya mia moja, kikombe.

Akaletwa na mshauri nasaha, bwana mmoja mwenye kuongea kana kwamba kila mtu amefiwa. Huyo alikuja Jumanne na Alhamisi kuwafundisha wanachama kupumua. Walilala barazani juu ya magodoro membamba, wakavuta pumzi, wakaitoa. Kumbe kazi hiyo walikuwa wakiifanya miaka hamsini na kitu bila mwalimu, tena kwa makosa matupu.

Siku moja dobi alipokuwa anakusanya magodoro hayo akafue vitambaa vyake, alimuuliza mshauri kwa adabu, "Samahani, baba. Haya masomo ya kupumua, na sisi wafanyakazi tunaweza kuja?"

Mshauri alimtazama kwa huruma nyingi sana. "Mama Dobi, mpango huu ni wa wachezaji. Lakini ninyi mnafanya kazi za mikono. Kazi za mikono ni tiba tosha."

"Asante," akasema dobi, na akaenda kujitibu kwa magodoro kumi na nane.

*

Mume wa dobi alikuwa kedi hapo hapo klabuni, yaani mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Kazini walimwita Jicho, kwa kuwa hakuna mpira uliowahi kumpotea, hata ukiangukia majani ya kufika kiunoni. Kwa miaka ishirini alikuwa amembebea mtu mmoja: Bwana Saruji, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya biashara yake, mtu mwenye tumbo la heshima na moyo usiopenda kushindwa hata kwa chafya.

Bwana Saruji alikuwa hatembei. Alipanda kigari cha umeme kutoka shimo hadi shimo, na Jicho alimfuata kwa miguu, mfuko begani. Mfuko ungeweza kabisa kupanda kigari. Lakini Bwana Saruji alisema kigari kinarusharusha, fimbo zinagongana, zinaumia.

Kwenye kibanda cha makedi kulikuwa na amri tatu, zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: Fika mapema, fuata nyuma, funga mdomo. Jicho alizishika amri hizo kama watu wengine wanavyozishika zile kumi. Na kwenye ile kadi ya kuandikia mapigo ya mchezo, jina la kedi halina mahali. Mpira ukienda vizuri, ni mchezaji kaupiga. Ukizama majini, kedi kasimama vibaya.

Jumatatu ya kwanza ya mpango, jina la Bwana Saruji lilikuwa chini kabisa ubaoni, chini hata ya mzee mmoja anayetembelea mkongojo. Kesho yake, kwenye shimo la kwanza, alivua saa.

"Jicho."

"Naam, mzee."

"Wewe unatembea bure."

"Ndiyo, mzee."

"Hatua zako zinamwagika tu njiani, hazimfai mtu. Vaa hii."

Jicho akaivaa. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyomkaa mwenyewe.

"Na nikienda nyumbani, mzee?"

"Nenda nayo. Lala nayo. Na ulale vizuri, usiniaibishe."

*

Nyumbani kwao kulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo ambalo maji yake yaliishiwa nguvu chini kabisa, kwenye bomba la uani. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya kazi, Jicho alishuka na ndoo, akapanda na ndoo, mara sita, ili mke wake na mama yake mzazi wapate ya kupikia, ya kuoga na ya kufulia. Sasa alipanda na saa mkononi.

"Hicho nini?" mama yake aliuliza siku ya kwanza.

"Saa ya mzee. Inahesabu hatua zake."

"Zake au zako?"

"Zake, mama. Mimi namtembelea."

Bibi kizee akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, nimeishi miaka mingi. Nimeona watu wakichotewa maji, wakipikiwa, wakifuliwa. Wa kutembelewa ndio kwanza namwona leo."

"Na kulaliwa, mama," dobi akasema. "Anamlalia pia."

Walicheka hadi bibi akafuta macho kwa ncha ya khanga. Jicho naye akacheka. Ulikuwa mzaha mzuri, na haukuwagharimu chochote.

Jumatatu iliyofuata Bwana Saruji alikuwa wa kwanza ubaoni. Daktari alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Hatua elfu kumi na tisa kwa siku! Na sikilizeni hili: kila alfajiri anapanda ghorofa kumi na nane. Kila alfajiri! Bwana, tuambie siri yako."

Bwana Saruji, ambaye nyumba yake yote ilikuwa ya chini, na ngazi pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kuingilia bwawani, alifikiri kidogo.

"Nidhamu," akasema.

Wakampigia makofi. Dobi, dirishani, aliuma taulo ili asisikike. Jioni alipomsimulia mume wake, Jicho hakucheka sana kama alivyotarajia. Alikuwa ameketi, amenyoosha mgongo, uso wake unang'aa.

"Makofi yalikuwa mengi?"

"Mengi."

"Tumeshika namba moja," Jicho akasema. "Kati ya watu themanini."

*

Kufikia siku ya hamsini, dobi alianza kusikia kitu. Mume wake alikuwa akifika mlangoni na ndoo ya sita anasimama, anashika fremu ya mlango, anajifanya anakagua bawaba. Klabuni, makedi wenzake walisema kwamba kwenye kilima cha shimo la saba Jicho sasa anapumzika mara mbili, na yeye hakuwahi kupumzika hata mara moja. Usiku wa siku ya hamsini na nane dobi aliweka sikio kifuani kwake. Moyo wake ulikuwa unakwenda kama mtu anayeshuka ngazi gizani: hatua mbili, anasita, tatu za haraka, anasita tena.

"Mume wangu, nenda hospitali."

"Nikafanye nini?"

"Moyo wako hauendi vizuri."

Jicho akamwonyesha mkono. "Hii hapa inasikiliza moyo mchana na usiku. Kungekuwa na jambo, ingesema."

"Sasa inasemaje?"

"Inasema namba moja."

Dobi aliomba kwa ajili ya jambo hilo. Alikuwa mwanamke wa maombi, si ya kelele. Alimwambia Mungu mambo yake akiwa anafua, kwa kuwa hapo mikono ina kazi na mdomo umepumzika. Bwana, alisema, mwambie wewe. Mimi hanisikilizi.

Jibu lilikuja Alhamisi, siku ya sitini na mbili, ila lilikosea mlango.

*

Wanachama walikuwa wamelala barazani wanapumua. Bwana Saruji, kwa kuwa alikuwa namba moja, alikuwa amesamehewa somo, anakula kifungua kinywa cha pili kwenye meza ya pembeni. Jicho alisimama nyuma ya kiti chake na mfuko begani, kama amri ya pili inavyotaka, saa imefichwa ndani ya mkono wa shati.

Gari la daktari liliingia kwa kasi, likasimama juu ya maua. Daktari akashuka na karatasi mkononi, akapanda baraza mbio.

"Bwana Saruji! Acha kula. Usisogee."

"Kuna nini?"

"Moyo wako. Siku nne sasa haupigi sawasawa, na jana usiku umekuwa mbaya sana. Unakwenda, unasita, unakimbia. Sikiliza, sitaki kukutisha, lakini damu ikizubaa ndani ya moyo inaganda. Tone moja lililoganda likipanda kichwani, mtu anapooza. Au anakufa. Umepanda ngazi leo?"

Bwana Saruji alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Hakukitafuna wala hakukitema. Macho yake yalikwenda taratibu hadi kwa Jicho, yakamtazama kama mtu anavyotazama mfuko wake uliosahaulika mvuani.

Wanachama walikuwa wameamka kwenye magodoro, hakuna anayepumua, jambo lililomhuzunisha mshauri. Daktari akaangaza huku na huku, akamwona kedi.

"Wewe! Usisimame nyuma yake hivyo, unamzibia hewa! Tua huo mfuko, kimbia kamwite dereva wake, yuko geti la chini. Kimbia!"

Jicho akakimbia.

Dobi aliyaona yote kutoka dirishani. Alisikia maneno ya daktari, moyo, siku nne, jana usiku, na kabla sentensi haijaisha alikuwa ameshajua ni kifua cha nani kinachosemwa, kwa maana kifua hicho alikilalia. Na hapo hapo akamwona mwenye kifua anakata uwanja mbio, kuelekea geti la chini, kwenda kuuokoa moyo wa Bwana Saruji. Alikimbia vizuri sana. Ndiyo kazi aliyoizoea.

"Simama!" dobi alipiga kelele. "Baba, simama!"

"Mama Dobi, tafadhali," katibu wa klabu akamwambia. "Kuna mgonjwa hapa."

Jicho alirudi ameshika mlango wa gari, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Watu wanne walimbeba Bwana Saruji. Jicho akainama kumvalisha kiatu kilichovuka, na hapo chini, kati ya kiatu na soksi, dobi aliona saa inabadilisha mkono.

*

Tangu saa ile moyo wa Bwana Saruji ukawa unapiga kama ngoma ya shule.

Katika hospitali yake ya kulipia walimlaza siku tatu katika chumba cha peke yake. Mashine zilimchungulia, hazikuona kitu. Daktari alishangaa; mshauri hakushangaa, alisema ni matokeo ya kupumua. Bwana Saruji mwenyewe alijua ukweli wote, lakini mtu akilazwa na kufungwa nyaya na watu wa makoti meupe, iko sehemu ya mwili inayowaamini. Usiku wa pili alianza kuumwa kifua kweli kweli. Akaomba aombewe. Maua yalijaa hadi muuguzi akakosa mahali pa kuweka sahani.

Kuhusu Jicho, Bwana Saruji alikusudia kabisa kumwambia. Si mtu mbaya. Alipanga kumwambia baada ya kikombe, zikiwa zimebaki siku thelathini na nane tu.

*

Lakini hiyo jioni ya Alhamisi dobi hakusubiri hata kuvua kandambili.

"Ule moyo ni wako."

"Moyo upi?"

"Aliousoma daktari. Siku nne, jana usiku. Nani alikuwa amevaa saa jana usiku?"

Jicho alikuwa anaosha miguu kwenye beseni. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa.

"Saa ni ya mzee," akasema. "Imesajiliwa kwa jina lake. Nilidhani... inamsikiliza yeye."

"Inamsikilizaje yeye, ikiwa mkononi mwako?"

"Kama hatua. Nilitembea mimi, zikawa zake. Nikajua na moyo ni hivyo hivyo." Akainua uso, na dobi akaona hatanii. "Mke wangu, miaka ishirini nabeba vitu vya watu. Ningejuaje kwamba hiki ni changu?"

Mama yake, pembeni, aliweka kikombe chini. "Basi, mwanangu, hongera. Moyo wako umelazwa chumba cha peke yake, umeletewa maua. Wewe ndiye uliyebaki hapa unaosha miguu."

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

"Kesho tunakwenda kwa daktari yule," dobi akasema. "Tunamwambia."

"Hatumwambii." Jicho akakunja uso. "Tukimwambia, mzee ameumbuka. Mzee akiumbuka, nani atafukuzwa? Yeye? Mimi ni kedi. Nikiacha huo mfuko, nitabeba nini?"

"Maiti nayo haibebi mfuko," mama yake akasema. "Hubebwa."

"Naapa, mke wangu, ukisema sitakusamehe. Nitapumzika siku mbili, itapita."

Ni kweli alipumzika, kwa sababu mchezaji wake alikuwa kitandani. Kedi asiye na mchezaji haingii uwanjani wala halipwi. Hivyo ugonjwa wake mwenyewe ulimlaza tajiri, na kulazwa kwa tajiri kukamkosesha kazi. Alikaa siku mbili akitazama mikono yake.

Jumapili alfajiri akashuka na ndoo kama kawaida, maana maji hayajui likizo. Dobi alihesabu akiwa anasali: ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikufika. Alitoka na kumkuta ghorofa ya pili, ameketi kwenye ngazi, ndoo imesimama wima pembeni yake, haijamwagika hata tone. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyemwagiwa hayo maji.

"Nimepumzika tu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mguu huu hauniitiki vizuri."

Dobi akamwita mama mkwe, akamkabidhi mwanawe. Akajifunga khanga kiunoni. Hakuomba sana asubuhi ile. Alisema tu: Bwana, nitavunja amri ya tatu ya makedi. Na akaondoka.

*

Jumapili watu walicheza mapema, na daktari wa mpango alikuwa na chumba chake nyuma ya baraza. Dobi aliingia na kikapu cha mataulo, kwa kuwa mtu mwenye mataulo haulizwi anakwenda wapi.

"Weka pale, mama," daktari akasema bila kuinua macho.

"Daktari, ile karatasi ya moyo wa Bwana Saruji. Naomba niione."

Daktari akainua macho. "Hizo ni siri za mgonjwa."

"Basi shika wewe, mimi nikusomee bila kuiona." Dobi alibaki amesimama. "Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, anapanda ghorofa tatu, anashuka, mara sita. Kupanda ni polepole, kushuka ni haraka. Kweli?"

Daktari alitazama karatasi. "Kweli. Ni mazoezi."

"Ni maji. Akipanda ndoo imejaa. Na siku ya ibada, kuanzia saa nne hadi saa sita, haendi popote, ila anainuka, anaketi, anainuka, anaketi."

"Nilidhani ni mazoezi ya magoti."

"Ni maombi, daktari. Na juzi Alhamisi, baada ya wewe kusema asisogee, alikimbia. Kama mita mia nne. Wewe ndiye uliyemtuma."

Nje mtu aligonga mpira, wengine wakasema "Ohoo!" kwa sauti ya msiba.

"Tangu saa ile," dobi akaendelea, "Bwana Saruji amepanda ghorofa ngapi?"

Daktari alifungua mashine yake. Akatazama. Akafungua tena, kama anayetumaini kuona kitu kingine.

"Hakuna hata moja."

"Maji hayajakatika, daktari. Saa ndiyo imehama."

Daktari akaifunga mashine. Alikuwa mtu mwema. Mpango ulikuwa wake, aliuombea fedha mwaka mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kimbia. Alivua miwani, akaishika kama hajui huwekwa wapi.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha kwenye ngazi. Anasema mguu hauitiki."

Hapo daktari akasimama hata kiti kikaanguka. "Mguu? Mungu wangu. Twende. Acha mataulo!" Mlangoni akasita nukta moja. "Mama, unajua kwamba wakijua watamfukuza?"

"Afukuzwe akiwa hai," dobi akasema. "Nitamgombeza mwenyewe."

*

Walimwahi. Daktari aliendesha gari lile lile, akalisimamisha vibaya vile vile, ila hapakuwa na maua ya kukanyaga. Mguu ulianza kuitika mchana, katika hospitali ya umma, kwenye kitanda cha tatu kutoka mlangoni, ambako kulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja na dirisha moja. Hakuna aliyeleta maua. Mama yake alileta chai ndani ya chupa, akaitia sukari nyingi, akanyang'anywa na muuguzi. Walimpa Jicho vidonge vya aina mbili, vya maisha, wakamwambia asibebe kitu kizito tena.

"Kama nini?" aliuliza.

"Kama unachobeba," daktari akamwambia.

Kamati ya klabu ilikaa ndani ya juma hilo, upesi kuliko ilivyowahi kukaa kwa jambo lolote isipokuwa bei ya vinywaji. Jicho aliitwa. Alisimama, ingawa viti vilikuwepo.

"Ulivaa saa ya mwanachama siku sitini," katibu akasema. "Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Jicho akamtazama Bwana Saruji. Bwana Saruji alikuwa anatazama kikombe kwenye kabati, kwa mapenzi ya mbali, kama mtu anavyotazama meli iliyobeba mizigo yake.

"Mzee alinipa," Jicho akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini kumsema mzee mbele ya watu. "Nikamtembelea."

Katibu alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika. Maneno ya kedi hayana mahali pa kuandikwa.

Yakaamuliwa haya. Jicho aondoke, kwa kosa la kuharibu takwimu za afya. Bwana Saruji, kwa kuwa ameumizwa kihisia na mtu aliyemwamini miaka ishirini, apewe vipindi sita vya ushauri nasaha. Na kikombe apewe mshindi wa pili, mtu mwenye bidii, ambaye mbwa wake alikuwa amekonda sana miezi ile.

Daktari alisimama na kusema kwamba ukweli si huo. Walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru kwa mchango wake, na mwaka uliofuata mpango ukapewa daktari mwingine.

Dobi hakufukuzwa. Hakuna mwingine aliyejua kutoa tope kwenye suruali nyeupe. Siku moja Bwana Saruji akasimama dirishani kwake, akitoka kwa mshauri, uso umelainika.

"Mama Dobi. Msalimie Jicho. Mwambie sina kinyongo."

"Nitamwambia, mzee. Ni vizuri. Kinyongo kinadhuru moyo, na wako ulishawahi kuumwa."

Alimtazama kuona kama kuna kejeli. Dobi alikuwa anasuuza taulo. Bwana Saruji akashusha pumzi ndefu, kwa ufundi, kama alivyofundishwa, akapanda kigari chake.

*

Sasa kila alfajiri ndoo huchotwa na dobi, na ni ndoo nne, kwa maana waligundua kuwa mbili zilikuwa za mazoea. Jicho hurekebisha viatu uani, karibu na bomba, ameketi kwenye kiti chenye mto. Mwanzoni aliketi nusu, kama mtu anayetarajia kuitwa. Kila mpita njia akiangusha kitu, Jicho anakiona kabla hakijagusa chini.

Jioni, baada ya vidonge, dobi huketi karibu naye na kumshika kiganja. Daktari alimfundisha jinsi ya kufanya, siku ile hospitalini: vidole viwili, chini ya kidole gumba, na saa ya ukutani. Dobi huhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mama mkwe hunyamaza, ambalo ni jambo la kumshukuru Mungu.

"Ngapi?" Jicho aliuliza jana.

"Sabini na mbili."

Akaisikiliza hesabu hiyo.

"Hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Ingekuwa ya ngapi ubaoni?"

Dobi akataka kumjibu kwa mzaha, mzaha ulikuwa ulimini tayari. Lakini vidole vyake vilikuwa bado pale, na chini yake kitu kiligonga, kikagonga tena, hakikusita.

"Haiendi ubaoni," akamwambia. "Hii ni yako."

Jicho akautazama mkono wake mtupu kwa muda. Kisha akaugeuza, akampa tena.

"Hesabu tena," akasema.